Nilipoulizwa Kama Natumia Dawa

Bwana asifiwe sana, na aliyekaa karibu na mtu anayesinzia amguse bega ili wasifu wote wawili! Mwangaluka, ndugu zangu. Mimi ni Mama Kulwa, mama wa wale mapacha wanaogombania kukaa karibu na spika. Wengi wenu mnanijua kwa kayamba. Wengine mlinijua kwa jambo lingine, na leo nimesimama kulieleza hilo jambo lingine, kwa sababu Mungu amenitoa mbali.

Baba Kulwa alipofariki, niliingia kazi ya dhahabu hapa hapa Segese, mwaloni, pale tunapooshea mchanga uliosagwa na makarasha, zile mashine za kuponda mawe. Unaosha mchanga kwenye karai, unatia zebaki, unakandakanda kwa mikono kama unga wa chapati, mpaka zebaki inaikamata dhahabu na kuwa kidonge kidogo cheupe. Kidonge kile ukikichoma, zebaki inapaa na moshi, dhahabu inabaki. Mimi nilichomea nyumbani, kwenye jiko lile lile la mkaa ninalopikia maharage. Nani angechomea nje, wapita njia wamwone ana dhahabu? Na zebaki hakuna aliyeiita zebaki. Sisi tuliiita dawa. Niazime dawa kidogo, dawa yangu imeisha, ndivyo tulivyosema kutwa nzima. Lishikeni neno hilo, ndugu zangu, kwa sababu Mungu alilitumia.

Mikono ikaanza kutetemeka. Mwanzo kidogo tu, baadaye ukinipa chai, kikombe kinafika mdomoni kikiwa nusu. Usingizi ukahama. Mdomoni nikawa naonja ladha ya sarafu. Nikawa msahaulifu, siku moja niliwaita mapacha waje kula, nami sijapika. Na hasira je! Nilikuwa namfokea hata kuku. Watu wakaniangalia, wakasema mjane huyu amezama kwenye gongo. Mimi pombe sijawahi kuionja, lakini mtu anayetetemeka akisema hajanywa, ndiyo kwanza anaonekana amelewa. Hata hapa kanisani kuna mama aliniombea nitoke kwenye chupa. Aliomba kwa machozi, nami nikaitikia amina, maana maombi hayatupwi. Aliyefurahi ni mwalimu wa kwaya peke yake. Alisema tangu kanisa hili lijengwe, kayamba halijawahi kulia vile.

Mnacheka, na mimi nacheka, lakini wakati ule sikucheka. Shemeji yangu Masanja, mdogo wake marehemu, yule mnunuzi wa dhahabu mnayemfahamu, aliitisha kikao cha ukoo. Wazee walikuja mpaka kutoka Chato. Hoja ilikuwa moja tu: mama mlevi hawezi kulea mapacha wa ukoo, kwa hiyo Kulwa na Doto wahamie kwa baba yao mdogo. Wakakubaliana waje kuwachukua baada ya mavuno. Nilipiga magoti nikakana pombe, na mikono yangu ikatetemeka mbele yao, ikawa shahidi wa upande wao. Ndugu zangu, nililia. Nikamwambia Mungu, hawa ulinipa wawili kwa mpigo, usiniondolee wawili kwa mpigo.

Ndipo wakaja wale dada wawili. Walifunga turubai pale uwanja wa mnada, wakaweka meza moja na benchi moja. Mmoja alikuwa nesi, dada Sabina. Mwingine alikuwa wakili wa haki za binadamu kutoka Geita, dada Mwajuma, mwenye ushungi wa kijani. Tukashangaa, nesi na wakili wanatafuta nini pamoja? Kuna aliyesema labda nesi akikosea kuchoma sindano, wakili awe karibu. Baadaye waliniambia kwamba zamani kila mmoja alipita kivyake. Nesi alimtibu mtu, mtu akirudi nyumbani anakuta amefukuzwa. Wakili alimtetea mtu, kumbe huyo mtu anaumwa na hakuna anayejua. Kwa hiyo sasa wanakaa benchi moja, nesi akiuliza la kwake, wakili anaongeza la kwake.

Mimi nilimfuata wakili. Nesi sikuwa na shida naye hata kidogo. Lakini foleni ilikuwa moja, na nesi ndiye aliyeanza. Akaniuliza, "Mama, kuna dawa yoyote unayotumia?"

Nikamjibu, "Ndiyo, kila siku."

Akauliza naimeza mara ngapi. Nikamshangaa dada wa watu. Nikamwambia haimezwi, naikanda kwa mikono, halafu naichoma jikoni. Kalamu yake ikasimama. Akamtazama wakili, wakili akamtazama yeye. Akauliza tena pole pole, dawa ya nini?

"Ya dhahabu," nikasema. "Kwani kuna nyingine?"

Ndugu zangu, mpeni Yesu makofi! Nilishatibiwa mahali pengi kabla ya siku ile. Kote waliniuliza kama nakunywa pombe, nikajibu sawasawa kwamba sinywi, nikarudi nyumbani na vidonge vya maumivu. Siku nilipokosea jibu ndiyo siku niliyopona! Nesi alinieleza kwamba mvuke wa zebaki unaingia kwenye mapafu, unapanda mpaka kwenye ubongo, ndio unaotetemesha mikono na kuleta usahaulifu na hasira. Mkojo wangu ukapelekwa kupimwa, na wa watoto pia. Majibu yakaja kama alivyosema. Mimi ilikuwa imenijaa, watoto ilikuwa imewagusa kidogo tu. Kuchomea ndani tuliacha siku ile ile.

Nesi angekuwa peke yake, kazi ingeishia hapo. Lakini wakili naye akaleta swali lake: nyumbani wanasemaje kuhusu hii mikono? Basi nikafunguka yote, ya gongo, ya kikao, mpaka ya mavuno. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia maneno ninayoyatunza mpaka leo. "Ugonjwa ni wako, Mama Kulwa. Mbele ya ukoo, nesi hatatamka kitu mpaka wewe uruhusu." Mimi ambaye ulevi wangu ulitangazwa mnadani bila kuulizwa! Nikasema atamke, tena kwa sauti.

Ukoo ukakaa tena, mwenyekiti wa kijiji akiwepo. Wakili akaeleza kwamba sheria inaangalia kwanza mahali mtoto atakapokuwa salama, na kwamba mjane hanyang'anywi watoto kwa maneno ya mtaani. Nesi akaeleza habari za zebaki, wazee wakasikiliza, wengine wakaanza kuitazama mikono yao wenyewe. Kisha nesi akamgeukia shemeji, akamwuliza kwa heshima, dhahabu anayonunua anaichomea wapi. Shemeji akajibu kwa fahari kabisa kwamba yeye ni mtu wa usalama. Anachomea ndani, chumba cha nyuma, mlango amefunga na dirisha ameziba.

Hapo dada Mwajuma akaongeza la kwake, taratibu. "Na hawa watoto, baba, watalala chumba gani?"

Nyumba ya shemeji ina vyumba viwili, na sote tunaijua. Mzee mmoja wa Chato akavua kofia, akasema watoto wabaki kwa mama yao, na asiwepo wa kulirudia jambo hili. Ikaletwa chai. Shemeji alipoinua kikombe chake, kikawa kinagonga sahani, kinagonga, kinagonga, na kila mtu akasikia. Hakuna hata mmoja aliyesema amelewa.

Ndugu zangu, leo sishiki tena dawa. Nauza uji na vitumbua pale pale mwaloni, na wenzangu wanachomea mbali na nyumba, kwenye chombo cha chuma chenye mfuniko na bomba la kunasa mvuke. Usingizi umerudi. Kikombe changu kinafika kimejaa. Mikono imetulia kiasi kwamba mwalimu wa kwaya ameanza kulalamika. Namshukuru Mungu aliyewakalisha wale dada kwenye benchi moja, mmoja Mkristo, mwenzake Mwislamu, kwa ajili ya mjane wa Segese.

Na wewe uliyeficha mikono chini ya Biblia, nimekuona. Siku ya mnada watafunga turubai tena. Nenda, usione haya, na usitafute maneno mazuri. Sema yale yale unayosema kila siku, kwa maana Mungu wetu anaweza kukuponya hata kwa jibu ulilokosea. Mtumaini!

Namalizia. Kuna mtu amesimama pale mlangoni, ni mara yake ya kwanza kuja hapa, na dada Sabina ameshaanza kumtibu. Shemeji Masanja, usikae mlangoni, pita mbele. Kayamba la pili hili hapa, na mikono yako ndiyo anayoitafuta mwalimu. Wabeja, asanteni sana.