Mfalme Asiyepaza Sauti

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mama Mkurugenzi wa ukumbi huu, ndugu zangu waigizaji na mafundi wa taa na mavazi, wageni mlioacha shughuli zenu mkaja, wanangu, na wewe mume wangu uliyewekwa pale mbele kama bwana harusi: nawaamkia nyote, kila mmoja kwa heshima yake.

Nimeombwa niseme maneno machache kama mke wa mstaafu. Waliotangulia wamemsifu hadi nikageuka kumtazama upya, nihakikishe ni yeye. Nami nimekuja kumsifu, lakini nisiwafiche: nimekuja pia nimechanganyikiwa. Tangu wiki iliyopita kichwa changu kina maswali mengi kuliko majibu, na kwa kuwa ninyi mnaijua sanaa yake kuliko mimi mkunga, labda mtanisaidia.

Mnamwita Mfalme. Sokoni mama mmoja alimwona akamvuta mtoto wake nyuma ya gauni, na Mfalme mwenyewe alikuwa amebeba nyanya tu. Huyu mtu, ndugu zangu, akikuta paka amelala kwenye kiti chake, hula amesimama. Sasa watu waliniuliza miaka yote: mtu mpole hivi, ule ubaya anautoa wapi? Nami nilikuwa najibu kwa kujiamini kabisa, "Anaigiza tu."

Kwa wageni wasioujua mchezo, ni wa zamani, babu zetu waliutazama. Mfalme amekalia kiti baada ya kaka yake kufa, kwa sharti la kumlea mtoto wa marehemu na kumrudishia kiti akikua. Kijana amekua. Siku ya kutawazwa, Mfalme anamvalisha joho kwa mikono yake mwenyewe, na nyuma ya pazia wamesimama watu wenye visu.

Mara ya kwanza mume wangu alipopewa nafasi hiyo, nilikuja kumtazama. Alinguruma, alitoa macho, alipiga meza, na ukumbi ukacheka. Mwongozaji wa wakati ule alimwambia mbele yetu, "Bwana, wewe unabweka. Hutishi." Baada ya miezi kadhaa nikasikia kwamba watu sasa hawacheki, kwamba wengine wanatoka ukumbini wamejikumbatia kwa woga. Nilifurahi, lakini sikurudi kutazama. Jioni ni zamu yangu. Watoto hawasubiri onyesho liishe ndipo wazaliwe.

Basi wiki iliyopita, onyesho lake la mwisho, binti yetu alinishika mkono akanileta. Tukakaa safu ya tatu. Ikafika ile sehemu ya joho. Mfalme anafunga vifungo, kimoja kimoja, taratibu. Kijana anauliza, "Bado, baba mdogo?" Na mume wangu akajibu kwa sauti ya chini, laini, sauti ya kumfanya mtu alale:

"Karibu tunamaliza, mwanangu. Vuta pumzi. Achia. Hivyo hivyo."

Nikajiuliza, hii sauti nimeisikia wapi? Binti yetu akaniinamia sikioni. "Mama," akasema, "si wewe huyo?"

Nilidhani anatania. "Mimi nani?"

"Hiyo sauti. Ndivyo ulivyoniambia siku nilipojifungua. Neno kwa neno. Baba anakuiga wewe."

Waheshimiwa, mmewahi kujisikia mkiongea kutoka kwenye kinywa cha mtu mwingine? Tena mtu anayeua? Mbele yangu na nyuma yangu, ukumbi mzima ulikuwa unavuta pumzi na kuachia, kwa amri yangu, huku kijana wa watu anaelekezwa penye pazia.

Nilimfuata chumba cha kuvalia. Alikuwa anajifuta rangi usoni, nusu mfalme, nusu mume. Nikamwambia, "Sauti ile umeitoa wapi?"

Hakujifanya hajaelewa. "Unamkumbuka jirani aliyeshikwa na uchungu sebuleni kwetu?" akaniuliza. "Mimi nilisimama mlangoni na beseni la maji. Nilikusikia unamwambia, karibu tunamaliza. Halafu ukaja mlangoni, ukaninong'oneza: hali ni mbaya, damu nyingi, kimbia katafute gari. Ukarudi ndani, ukamwambia tena, karibu tunamaliza. Sauti ile ile. Haikutikisika hata kidogo. Nikaogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Niliogopa kwamba mtu anaweza kujua jambo zito hivyo na bado akaongea vile. Wakati mwongozaji ananiambia nabweka, nikakumbuka."

Nilipandwa na hasira. Nikamwambia, "Mimi nilikuwa naokoa mtu! Yule mama yupo, na mtoto wake leo ana ndevu!"

"Najua," akasema. "Na Mfalme anadhani anaokoa nchi."

Nilikaa kwenye kiti kilichojaa mavazi. Nikamuuliza, kwani Mfalme hampendi yule kijana? Si anajifanya? Akatikisa kichwa. "Nilijaribu kumfanya mnafiki, nikashindwa. Vidole havikubali. Anamfunga vifungo kwa upendo kabisa, anamsikitikia kweli, kama kwamba atakayemuua ni mtu mwingine. Mtu anayejijua kuwa mbaya, utamshtukia mapema. Huyu hajijui."

"Na mimi ninajijua?" nikauliza.

Akaweka chini kitambaa cha kujifutia. "Mke wangu, mimi nilichukua sauti. Moyo sikuuchukua, sikujua hata jinsi ya kuubeba."

Ni jibu zuri. Lakini je, ndugu zangu, ni jibu au ni maneno ya mwigizaji? Hapo ndipo nilipokwama, na bado nimekwama.

Kesho yake niliingia zamu. Kulikuwa na binti, mimba ya kwanza, ameng'ang'ania mkono wangu. Akaniuliza, "Mama, bado?" Nikafungua mdomo, nikamsikia Mfalme. Nikafunga. Nilijiambia, leo sitasema nisilolijua. Nikanyamaza. Yule binti akaniangalia, macho yakamtoka. "Mbona husemi kitu? Mama, ninakufa?" Pumzi zikampotea, akaanza kujitupa, mwenzangu akaniita kwa ukali. Basi nikamwinamia nikasema, "Karibu tunamaliza, mwanangu. Vuta pumzi." Haikuwa karibu hata kidogo, na nilijua. Akatulia. Kabla ya alfajiri akampata mtoto wa kike, mzima, mwenye kelele za kutosha.

Nilinawa mikono huku nalia, na sijui hadi sasa nililia nini. Maneno yale yale, upole ule ule, lakini sauti moja inampeleka mtu kwenye uhai, nyingine inampeleka penye visu. Anayeambiwa atatofautishaje? Na anayesema je?

Kwa hiyo leo siwezi kumsifu mume wangu kama walivyomsifu wengine. Ninamsifu hivi: alituonyesha mtawala mbaya ambaye hatukuweza kumcheka wala kumsukumia mbali, kwa sababu alifanana na watu tunaowaamini. Waigizaji wengi wangetupa jini mwenye pembe, tukaenda nyumbani tukalala. Yeye alitunyima usingizi. Mimi alininyima zaidi, na bado nimevaa gauni jipya kwa ajili yake.

Mume wangu, maisha yetu yote tumesemezana kwa upole. Watu walitusifia ndoa isiyo na kelele, nami nilijivuna. Sasa najiuliza ni mangapi umeyafunga vifungo ukaniambia karibu tunamaliza, na mimi ni mangapi nimekunong'onezea vivyo hivyo. Kuanzia kesho huna onyesho, na mimi nimeomba likizo. Tutakuwa wawili mezani. Nikikuudhi, udhika. Chakula kikiwa na chumvi nyingi, sema kina chumvi nyingi. Bweka, baba watoto! Mwongozaji yule hayupo, hakuna atakayekucheka. Nami nitakujibu kwa sauti ambayo hata mimi sijawahi kuisikia, na majirani wakija kuamua ugomvi, tuwapikie chai.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ndugu zangu, nimesema niliyoyajua na mengi nisiyoyajua. Nawashukuru kwa kunivumilia na kunipa masikio yenu. Asanteni sana.