Mama Vifungo, Aliyetaka Kila Mtu Ajivalie Mwenyewe

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Vifungo, alizaliwa tarehe 9 Mei 1957, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkewe muuza mboga. Sisi wadogo zake tunakumbuka ubishi wake. Akiwa anafunga kamba za viatu, ole wako umsaidie! Alikuwa anazifungua zote na kuanza upya huku tukichelewa shule.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1971 na sekondari mwaka 1975. Mwaka 1977 alijiunga na chuo cha afya kusomea tiba kazi. Baba hakuelewa. “Mwanangu, hiyo ndiyo tiba gani tena?”

“Baba, daktari akishamwokoa mtu, bado mtu huyo anataka kuoga, kuvaa, kupika, kurudi kazini kwake. Hapo ndipo ninapoingia mimi.”

Baba alisimamisha cherehani, akafikiri kidogo. “Basi soma sana,” akasema, “maana hapo ndipo penyewe.”

Alianza kazi Aprili 1981 katika hospitali ya wilaya, chumba cha mwisho, karibu na stoo ya mashuka. Ndani aliweka kitanda, jiko, sinki, ngazi fupi isiyokwenda popote, na ubao uliojaa vifungo, zipu na vitasa vya milango. Wageni walidhani amehamia kazini na vyombo vyake. Ubao huo ndio uliompa jina. Pale watoto wenye mikono migumu walijifunza kushika kijiko, na wazee waliovunjika nyonga walijifunza kuingia bafuni bila kuanguka. Aliwafuata hadi majumbani, akapima upana wa milango, akashusha sufuria kutoka kabati la juu.

Kila mgonjwa mpya, dada alimuuliza kwanza, “Wewe unataka kufanya nini mwenyewe?” Kinyozi mmoja aliyepata kiharusi alijibu kwamba anataka kunyoa. Dada akaviringisha mpira wa baiskeli kwenye mashine ya kunyolea ili ishikike vizuri, akamfundisha kwa miezi, na siku ya mtihani akamleta mume wake mwenyewe atoe kichwa. Jamani! Shemeji yetu alitoka pale kama shamba lililoingiliwa na mbuzi, akashinda na kofia mpaka nywele zilipoota tena. Lakini kinyozi alifungua duka lake. Familia nzima tulitembea vifua mbele.

Shemeji huyo ni seremala. Walifahamiana alipoleta hospitalini kiti alichoagizwa. Dada alikikalia, akainuka, akatikisa kichwa. “Fundi, kiti ni kizuri, lakini mgonjwa akikaa humu, kuinuka mpaka waitwe majirani.” Fundi akakirudisha karakana, akakileta, kikakataliwa tena. Mpaka leo anasema alioa ili asamehewe kile kiti. Walifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1983, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja.

Alistaafu mwaka 2017. Tarehe 3 Februari 2021 kiharusi kilimpata yeye, kikachukua mkono na mguu wa kulia, na maneno karibu yote. Shemeji alimpenda kupita kiasi. Alimlisha, akamwogesha, akamvika, akambeba kama yai. Dada akawa anasukuma sahani, anageukia ukutani. Shemeji akatuambia kwa uchungu, “Ugonjwa umembadilisha mke wangu.” Tukamwamini. Kumbe dada alikuwa amegeuzwa mgeni nyumbani kwake, na hakuwa na maneno ya kutuambia.

Ndipo akaja mwanafunzi wake wa zamani, sasa mtaalamu wa tiba kazi. Alimsalimia shemeji, kisha akapiga magoti mbele ya dada. “Shikamoo mama. Unataka kufanya nini mwenyewe?”

Dada akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea bafuni.

“Ataanguka!” shemeji akapiga kelele.

“Baba, wewe ni seremala. Tengeneza asianguke. Baada ya hapo, kazi yako ni kukaa nje ya mlango.”

Shemeji akafunga vyuma vya kushikia ukutani, akachonga kigoda cha kuogea, safari hii kwa vipimo sahihi. Asubuhi ya kwanza alisimama mlangoni akisikiliza maji. “Mama watoto, umemaliza?”

“Bado! Nenda zako!”

Shemeji alilia kwa furaha. Mke wake hakuwa amebadilika hata chembe. Tangu siku hiyo dada alijiogesha na kujivika, polepole, na povu nyuma ya sikio, akitoka mle bafuni kama malkia.

Kiharusi cha pili kilimchukua tarehe 17 Septemba 2024. Asubuhi hiyo alioga, akavaa, akaenda kwenye kiti chake cha dirishani. Shemeji alinyoosha mkono amshike. “Acha,” akamwambia. Shemeji akaurudisha mkono. Alikaa mwenyewe, na mchana, akiwa usingizini, akatutoka.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, sisi wadogo zake, na watu wengi sana ambao asubuhi ya leo wamejifunga vifungo vyao wenyewe kuja kumzika. Tumekubeba mpaka hapa, dada, na hukutufokea. Hilo ndilo limetuuma kuliko yote.

Apumzike kwa amani, mwanamke wetu shujaa.