Rael Jepkoech Kemboi, Muuguzi Aliyebadili Siku ya Chanjo

Wapendwa waombolezaji, majirani zetu, na ninyi mliofika kutoka Bahati na Nakuru mjini, familia ya Mzee Jonah Kemboi inawaomba mtutegee sikio, tuwasomee maisha ya mama wa boma hili.

Rael Jepkoech alizaliwa Subukia tarehe 9 Aprili 1961, akamaliza darasa la saba mwaka 1974 na kidato cha nne mwaka 1978, kisha akasomea uuguzi Nakuru hadi 1982, alipopelekwa zahanati moja huko Bahati, ambako alitumikia mpaka ugonjwa ulipomshika. Tarehe 21 Desemba 1985 alifunga ndoa na Jonah, na Mungu akawajalia Kipkemoi, Chepngeno na Jemutai.

Mwanzoni mwa 2007, watoto wengi wa Bahati walikuwa wakikosa chanjo ya surua, na wakubwa wa afya wilayani wakapanga mikutano ya kuwafundisha akina mama umuhimu wake. Rael alizunguka kwanza nyumba kwa nyumba akiuliza, na aliporudi aliwaambia kwa upole, "Hawa mama wanajua, na wanataka. Ni siku yetu inawashinda." Chanjo ilikuwa Alhamisi asubuhi, saa ya vibarua mashambani, basi akaihamishia siku ya soko, akamwacha kila mama achague tarehe mwenyewe, aiandike kwa kadi kwa mkono wake, na ataje jirani wa kumkumbusha. Kufikia Novemba, watoto tisa kati ya kumi walikuwa wamechanjwa, na wilaya ikaagiza zahanati zote zifuate mpango huo.

Oktoba ya mwaka huohuo aligusa uvimbe kwenye titi, akanyamaza. Alijiambia atapimwa baada ya uchaguzi wa Desemba, lakini Januari 2008 watu wakafurushwa makwao na ghasia za uchaguzi huo, naye akaenda kuwatibu watoto kambini Nakuru kwa wiki kumi, akisema kambi ikitulia ataenda. Alipimwa tarehe 22 Aprili, ugonjwa ukiwa umeshasambaa. Mzee alimuuliza kwa nini alikawia, yeye aliyejua vizuri jinsi watu wanavyoahirisha, akamjibu, "Baba Kipkemoi, wale mama niliwapa siku. Mimi sikujipa."

Aliagiza maneno hayo yasomwe leo bila kufichwa. Siku mbili kabla hajatuacha alimshika Chepngeno mkono, akamwomba ataje tarehe ya kwenda kupimwa, na hakuuachilia mkono ule mpaka Chepngeno alipoitaja. Alifariki Jumapili, tarehe 14 Septemba 2008, saa kumi na moja alfajiri, Mzee akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa zahanati, majirani waliotukamulia ng'ombe miezi hii yote, na Bi. Rupinder wa duka la dawa, aliyemletea uji hadi wodini. Mama Kipkemoi, umetumika vya kutosha, pumzika kwa amani.