Waliniambia Niseme Nilikosea Kuona

Assalaamu alaykum, dada zangu wa chama, na ninyi waume zao mliosimama mlangoni mkijifanya mnangoja chai. Ingieni tu, haya yanawahusu pia. Nitasema Kiswahili kwa sababu humu tumo wa kila kabila. Nikikivunja, kiungeni wenyewe.

Mnanijua, mimi ndiye mpishi wa shule. Mimi mwenyewe shule niliiacha darasa la tano, ukame ulipotuhamisha, na tangu hapo sikutulia. Nimeuza maziwa ya ngamia Tarbaj, nimeuza nguo Bura, nimepanda malori ya mifugo mpaka madereva wakinikosa wanauliza kama nimekufa. Na ugonjwa wangu ni kuuliza. Nikiona shimo, lazima nijue nani kalichimba. Mume wangu wa zamani alisema ameniacha kwa sababu ya maswali. Nikamwambia, "Maswali gani?"

Basi nilipopata kazi ya kupika mahindi na maharagwe hapo shuleni, kulikuwa na msichana mmoja wa darasa la nne. Jina lake silitaji, wala nyumba aliyokaa. Anayeijua aifiche. Yeye na baba yake wameniruhusu kusimulia haya. Wazazi wake ni wafugaji upande wa Hulugho. Walimleta mjini akae kwa jamaa asome, kama tunavyofanya wengi wetu. Na kwetu, mtoto akishakuwa kwa jamaa, huulizi. Kuuliza ni kumtukana mwenye nyumba.

Kengele ya kwenda nyumbani ikilia, wenzake walitoka mbio kama ndama waliofunguliwa. Yeye alibaki kunioshea sufuria. Nilifurahi, nani hataki msaidizi? Mpaka siku moja alipokunja mikono ya nguo yake.

"Mkono umefanya nini?" nikamuuliza.

"Nilianguka, eeddo." Ananiita eeddo, yaani shangazi.

"Ulianguka wapi?"

"Kwenye ngazi."

Ndugu zangu, nawaambia, mtaa ule hauna nyumba yenye ngazi. Na kuanguka nakujua, nimeanguka kutoka kwenye malori. Kuanguka kunachubua magoti na viwiko. Hakuchori mistari mikononi, mmoja juu ya mwingine.

"Usimwambie mtu," akasema.

Hapo ulimi wangu uliwasha. Lakini mwalimu wetu wa malezi alikuwa ametukusanya muhula ulipoanza, mpaka bawabu na mimi wa jikoni, akasema: mkiona jambo kwa mtoto, msichunguze, msimwahidi siri, msiende kwao kugombana. Njooni mniambie siku hiyo hiyo. Mimi, nisichunguze! Ni kama kumwambia ngamia asitafune. Lakini nilijizuia. Nikamwambia mtoto, "Siwezi kukuahidi hilo, abaayo, dada yangu mdogo. Nitamwambia mtu mmoja tu, na kazi yake ni kukusaidia."

Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho. Mkuu wa shule akaitwa, afisa wa watoto akapigiwa simu, na siku ile mtoto alilala bwenini kwa matroni badala ya kurudi kule. Nikadhani yamekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Chumba nilichokodi kilikuwa cha binamu wa nyumba ile. Niliporudi nilikuta godoro langu nje, kuku wamelala juu yake, na wamelipenda. Sokoni wanawake nilioshiriki nao chai walisogeza vigoda. Mmoja akaita kwa sauti, "Mama wa lori! Leo unampeleka polisi mtoto wa nani?" Wakacheka. Mimi hucheka nikichekwa, lakini siku ile kicheko kiligoma.

Kisha wazee wakanijia. Walikuwa wamepanga kikao cha maslaha, suluhu yetu ya kimila. Nyumba ile itoe mbuzi kwa baba wa mtoto, dua isomwe, mtoto arudi pale pale, na mimi niseme nilikosea kuona. Mzee mmoja alinipa na sababu kabisa: "Sema ni moshi wa jikoni. Moshi unaharibu macho."

Afisa wa watoto naye alituambia wazi: baba akikubali mbuzi na walioona wakinyamaza, itakuwa vigumu sana kuzuia mtoto asirudishwe kwenye nyumba ile.

Na mimi nilifanya nini? Nilipanda lori la Tarbaj. Ndiyo dawa yangu ya siku zote, mambo yakiwa magumu napanda lori. Utingo akaniuliza, "Unaenda kwa nani?" Nikamjibu, "Kwa yeyote." Nikakaa katikati ya mbuzi, na mmoja akaanza kula ushungi wangu. Nikiwa namnyang'anya, swali likanijia, na safari hii lilikuwa la kwangu mwenyewe: nikiondoka, nani mwingine atasema alichokiona? Nikatafuta. Hakuwepo mtu.

Nikashuka. Utingo akapiga kelele, "Mama, umesahau nini?"

"Kazi!" nikamjibu, ushungi una tundu la kupitisha kichwa.

Jioni hiyo mwenyekiti wetu wa chama, huyu anayejificha nyuma ya birika, alinikuta nimekalia godoro langu nje ya jiko la shule. Hakuuliza kitu. Alishika upande mmoja wa godoro, akasema, "Shika huko, naa wewe, unafikiri nitalibeba peke yangu?" Nikalala kwake.

Siku ya kikao baba wa mtoto alifika na vumbi la safari bado miguuni. Mbuzi walikuwa wamefungwa nje, wanalia. Mzee wa moshi akaniambia nizungumze. Nikaeleza nilichokiona, sikuongeza chumvi. Baba akanitazama.

"Uliona au ulisikia?"

"Niliona kwa macho haya."

"Binti yangu anacheka huko shuleni?"

Swali hilo sikulitarajia. "Anacheka," nikasema, "mpaka saa ya kurudi nyumbani."

Mzee akaingilia, "Hayo si ya leo. Pokea mbuzi, tusome dua."

Baba akasimama. "Mbuzi ninao. Nimekuja kumwona mtoto." Akavaa viatu, akaelekea shuleni kwa mwendo ambao mimi na mwalimu aliyenisindikiza tulishindwa kuufuata.

Kikao kikaisha hapo hapo. Kesi ilikwenda panapostahili, baba alisimama nayo, na mtoto akapata nafasi ya kudumu bwenini. Na yule mzee? Juzi alikuja jikoni, akazungukazunguka sufuria kama anatafuta chumvi, kisha akauliza polepole, "Mtu akiwa na shaka juu ya mtoto wa jirani, anaanzia kwa nani?" Nilimpeleka kwa mwalimu mwenyewe, na wallahi sikuuliza ni jirani gani. Muulizeni mwalimu kama naongopa.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mwalimu aliyemwona mpishi kuwa mtu wa kuambiwa mambo ya shule, na matroni, na afisa aliyepokea simu. Nawashukuru ninyi mlionirudishia kigoda changu, hata wewe uliyeniita mama wa lori. Jina hilo nimelipenda.

Neno langu kwenu ni hili. Ukiona alama kwa mtoto, au mtoto ambaye saa ya kwenda nyumbani inamtisha, usingoje uhakika. Uhakika watatafuta wenye kazi hiyo. Wewe sema ulichokiona, useme leo, kwa mwalimu, kwa chifu au kwa afisa wa watoto. Usitangaze sokoni. Na suluhu ikiletwa, muulizeni mtoto kwanza.

Yule msichana hajambo. Siku hizi anaongea darasani mpaka mwalimu wa hesabu amemhamisha kiti mara kadhaa, na kila anapohamishiwa anapata rafiki mpya wa kuongea naye. Mwalimu amenituma niwaulize akina mama kama kuna mwenye dawa ya mtoto asiyenyamaza. Kama mnayo, kaeni nayo.