Mzee Chrispine Ndurya Matano (1951–2025): Aliyetembea kwa Kayamba

Marehemu Mzee Chrispine Ndurya Matano alizaliwa hapa Miritini tarehe 14 Agosti 1951, kifungua mimba wa hayati Mzee Matano Ndurya na Mama Mbeyu. Mimi dada yake, Mwanatabu, ndiye kitinda mimba. Kaka alinibeba mgongoni kunivusha matope ya kwenda shule, na hakuacha kunitania kwa uzito wangu mpaka nikapata wajukuu.

Alisoma papa hapa hadi darasa la saba, mwaka 1966, kisha akajifunza kuchomelea vyuma Changamwe. Alifanya kazi hiyo bandarini Kilindini tangu 1972 hadi alipostaafu mwaka 2006. Kanisani kwetu Chaani alikuwa mzee wa kanisa, na mkali hasa kwa ngoma za pepo. Akisikia kayamba, ile ala ya matete yenye mbegu ndani, inatikiswa nyumbani kwa mgonjwa, hatulii mpaka aende kukemea.

Tarehe 12 Aprili 1980 alimuoa Dorothy. Binti wa nani? Wa mpiga kayamba! Watu walicheka sana. Mungu akawajalia Fancy na Matano, na nyumba yenye kelele za heri.

Mwaka 2016 madaktari walimkuta na ugonjwa wa Parkinson. Mkono ulitetemeka, lakini kilichomuumiza zaidi ni miguu. Akifika mlangoni iliganda, kana kwamba imechomelewa sakafuni. Aliogopa kuwa hataingia tena kanisani kwa miguu yake, na aliniambia hivyo huku akilia. Dawa zilisaidia kiasi. Kisha mtaalamu wa viungo, Bi Jerioth, akatueleza kuwa mdundo anaoupenda mgonjwa huweza kuiamsha miguu. Dorothy akaishusha kayamba ya mamake kutoka juu ya kabati.

Mtaa ukavuma: mzee kapandwa na pepo! Wazee wenzake wa kanisa wakaja, nyuso zimekunjamana, wakitaka kumtenga na Meza ya Bwana. Kaka alipotaka kutoka chumbani awasalimu, akaganda mlangoni. Dorothy akatikisa kayamba, naye akaja moja kwa moja hadi sebuleni, akampa kila mmoja mkono.

"Huyu ni pepo gani, mama?" akauliza mmoja wao.

"Ni pepo wa kuwaamkua nyinyi," akajibu Dorothy. "Mwataka nimtoe?"

Walicheka, wakaomba radhi. Jumapili iliyofuata kayamba ililia kanisani, na Kaka akapeleka sadaka yake mbele kwa miguu yake mwenyewe. Tunawashukuru wazee hao, na Bi Jerioth pia. Nawe wifi yangu, ahsante. Ulitubakishia Kaka anayetembea kwa miaka ambayo hatukuitarajia.

Januari mwaka huu nimonia ikamlaza. Hakuinuka tena, lakini Dorothy akitikisa kayamba, vidole vya miguu vilisogea chini ya shuka. Alifariki nyumbani Chaani, Jumatatu tarehe 3 Februari 2025, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mjane wake Dorothy, watoto wake Fancy na Matano, mkwe wake Kyalo, wajukuu, na mimi dada yake.

Vijana mtakaobeba jeneza, wifi ana ombi moja. Mkifika mlangoni, msivuke mpaka msikie kayamba. Kaka hakuzoea kutoka bila hiyo. Tukifika kaburini itanyamaza, naye apumzike kwa amani.