Pivo Aliyepimwa na Nywele

Laurette alijibana kwenye kiti cha nyuma cha basi dogo la kwenda kiwanjani, kitambaa kichwani. Mbele yake mama muuza ndagala, dagaa wa ziwani, alikuwa akimlilia mzee wa kofia nyeupe, ingawa hawakujuana.

"Leo wasichana wa Moba watatupiga, Papa. Kocha alitafuta pivo, muntu murefu wa kulinda kikapu. Akawapima wasichana wetu kwenye mulango wa parokia: mwenye kugusa juu njo anachaguliwa. Yule aliyechaguliwa aligusa kwa nywele!"

"Nywele gani zile, Mama?"

"Za kufungwa na uzi, zimesimama kama miti ya muhogo! Na mutoto wangu, murefu kweli, walikuwa wamemunyoa kwa matanga ya babu yake. Akakosa."

Mzee akacheka mpaka kofia ikateleza. "Urefu ni nini? Twiga ni murefu, ulishamuona anafunga? Basketi ni miguu."

"Miguu! Wale wa Moba watachuma mipira juu ya vichwa vyetu kama mapapai, na wewe utawaonyesha miguu?"

Laurette alishika kitambaa chake. Siku ile ya kupimwa alisikia uzi wa nywele zake ukigusa mbao ya juu ya mlango, kichwa chenyewe bado hakijaifikia. Hakuna aliyemuuliza.

Basi likasimama. Watu wakainama kushuka. Laurette akavua kitambaa, akapita mlangoni wima. Nywele tu ndizo zilizopinda.

"Mama," mzee akanong'ona, "pivo wetu njo huyu?"

Laurette aligeuka, macho kwenye viatu vyake vya mchezo, akamwuliza muuza ndagala:

"Mama, mutoto wako anavaa viatu vya kipimo gani?"