Bi Kulikoni na Njia ya Maporomoko

Tarehe 30 Juni, mpimaji mkuu wa maji katika maabara yetu atavua koti lake jeupe na kustaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Jina lake la kwenye barua za ofisi wengi wetu tumeshalisahau. Tumemkuta akiitwa Bi Kulikoni, kwa kuwa hajapata kuona jambo akalipita bila kuuliza kulikoni.

Alianza kazi kwa kuosha chupa za sampuli. Wiki ileile alimuuliza mkubwa wake kwa nini chupa za Jumatatu huwa na utando wa kijani na za Ijumaa hazina. Akajibiwa, "Binti, wewe osha." Aliosha, lakini jawabu alilitafuta mwenyewe: za Jumatatu zilikuwa zimeshinda dirishani, juani, mwisho wa wiki mzima. Akazihamishia kabatini, kisha akajiandikisha masomo ya jioni. Miaka michache baadaye yeye ndiye aliyekuwa akizijaza.

Kufanya kazi naye kumehitaji subira. Aliwahi kusimamisha kikao cha bajeti kwa sababu bomba la ukutani lilikuwa likilia, naye hakutulia mpaka ajue lilikuwa na nini. Mume wake, fundi seremala, anasema nyumbani hawezi kubadili hata sabuni bila kuhojiwa. "Nimeoa polisi," hutuambia, na uso wake ni wa mtu aliyeridhika na kifungo chake.

Mji mzima, hata hivyo, unamjua kwa Mbio za Msituni. Zilianzia kwenye meza yetu ya chai. Siku moja aliuliza ni nani kati yetu amewahi kupaona mahali maji yetu yanapoanzia. Tulikuwa tukiyapima kila siku, lakini kwao hatukuwahi kufika.

Jumamosi iliyofuata alitukokota kilimani, sisi wa maabara na dereva wa idara. Tulipanda chini ya miti mikubwa hadi kwenye mwamba wenye kuvu, ambako maji yalikuwa yakichuruzika kimyakimya, kana kwamba hayajui yanangojwa na watu wangapi. Alichuchumaa pale muda mrefu. "Mji mzima unakunywa hapa, na hakuna anayepajua," akasema. "Mtu atakitunzaje asichokijua?" Tulipokuwa tukishuka alikuwa ameshapata dawa: watu hawatapanda kilima kusikiliza hotuba, lakini wakiambiwa wakimbie watakuja.

Mwaka wa kwanza waliokuja walikuwa wachache, na nusu yao walikuwa ndugu zetu tuliowabembeleza. Shemeji yake alipotea njia akatokea upande wa pili wa kilima, akiomba maji kwa watu ambao nao hawakujua yanatoka wapi. Haba na haba, mbio zikakua. Michango ya wakimbiaji ikanunua miche ya asili na uzio wa kuizunguka chemchemi. Kilichowavuta wengi kilikuwa njia ya maporomoko, pale unapokimbia kandokando ya kijito huku manyunyu yakikupiga usoni. Njia hiyo aliichagua yeye mwenyewe, na aliipenda kuliko sehemu nyingine yoyote.

Ndipo ukaja mwaka ambao wengi wenu mnaukumbuka. Wiki moja baada ya mbio, sampuli zilionyesha tope, na mvua haikuwa imenyesha. Sisi tukashuku wakata miti. Yeye akachukua chupa zake akapanda. Juu ya maporomoko maji yalikuwa meupe kama machozi. Chini yake yalikuwa na tope. Katikati palikuwa na kitu kimoja tu: ile njia yake. Nyayo za wakimbiaji zilikuwa zimeimenya nyasi, na kingo zilikuwa zikimomonyoka na kuingia kijitoni.

Angeweza kunyamaza, na tope lingetulia lenyewe hadi mwaka mwingine. Alisimama mbele ya kamati ya mbio akasema, "Wachafuzi ni sisi." Akaomba njia ya maporomoko ifungwe.

Chumba kilichafuka. Wadhamini walitaka picha zao za maporomoko. Bingwa wetu, fundi baiskeli tunayemwita Swala, alisema kwa uchungu, "Mama, mbio bila maporomoko ni harusi bila bibi harusi."

"Basi twende ukamwone bibi harusi wako alivyo," akamjibu.

Walikwenda wawili. Swala ndiye aliyetusimulia kwamba alikanyaga ukingo, ukameguka chini ya kiatu chake, na maji yakabadilika rangi huku akiyatazama. Hakubisha tena. Aliomba jembe, na kabla mwezi haujaisha alikuwa akiongoza kikundi cha wakimbiaji kuziba njia na kupanda nyasi.

Mwaka uliofuata mbio zilipita upande wa mawe, mbali na kijito. Mdhamini mkubwa alijitoa, na wakimbiaji wakapungua hata uwanja ukaonekana mkubwa. Bi Kulikoni alisimama kwenye mstari wa mwisho akimpokea kila mmoja kwa kikombe cha maji, uso mkavu. Mwenzetu mmoja alimuuliza kama anajuta. Akasema, "Sijui bado. Ngoja mvua."

Mvua ilikuja, tena ya nguvu. Asubuhi yake alifika maabara kabla ya mlinzi kufungua lango. Alijaza chupa, akaiinua dirishani, akaigeuza, kisha akatuita sote. Tuliona vidole vyake upande wa pili, vyote, hata mikunjo yake. Aliketi, na kwa mara ya kwanza tukamwona akilia kazini.

Watu wamerudi, na wengine zaidi. Maporomoko sasa hutazamwa kutoka kwenye jukwaa la mbao, juu ya mwamba, na mjenzi wake mnaweza kumkisia: ni yule aliyeoa polisi.

Juzi tulimuuliza atafanya nini na siku zake. Tulidhani atasema bustani, au wajukuu. Akasema miaka yote amekifuata kijito kwenda juu, na hajui kinaishia wapi. Ameshanunua viatu. Ataanzia pale kinapoondoka mjini, na mzee wake amekubali kwenda naye, mradi wapumzike kila penye kivuli.

Bi Kulikoni, ahsante kwa kila swali, hata yale yaliyotupozea chai. Nenda salama, magoti yakutii, na njia ikujibu taratibu ili usichoke kuuliza. Ukifika kijito kinapoishia, tupigie simu. Nasi sasa tunataka kujua.